Kama Maji Yalikuwa Baridi

Hamriya, Muscat
14 Februari 1997

Mwanangu Muhsina,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye Hamriya nzima haizikani bila ya yeye. Si maneno yangu, ni maneno ya watu. Akifa mtu huku, kabla hajaitwa muosha naitwa mimi: "Zahor yuko wapi? Mtafuteni Zahor!" Siku za taazia wanaume wamejaa kwenye sabla, ule ukumbi wetu, bega kwa bega, mawakili, madaktari, wakurugenzi wa wizara, na hapana hata mmoja anayeonja kahawa mpaka mimi nimeingia na birika langu. Mkurugenzi mmoja alinyoosha mkono kabla ya zamu yake, nikampita kama simuoni. Akangoja. Angefanya nini?

Nisalimie mama yako, dada yangu Masouda, mwambie mguu wangu umepona na Idi imepita salama. Kazini nimezidishiwa funguo. Stoo yote ya wizara sasa iko kiunoni kwangu, na waziri mwenyewe hawezi kuandika jina lake mpaka Zahor atoe kalamu. Bi Kheiria anakusalimu sana, sana. Yuko Qurayyat kwa dada yake kidogo, anapumzika.

Sasa lililonikalisha kitini. Habari yako nimeipata Ramadhani, mwezi mzima baada ya kuzikwa mtoto, tena sokoni, kwa mdomo wa mke wa Ghanim wa duka la vitambaa. Nlikuwa nimepakata tikiti la kufuturia. Nikaliweka chini pale pale nikaondoka, na mpaka leo sijui nani alilila. Mtoto wa kwanza, Muhsina, na ulivyomngoja. Maneno ya msiba nnayo ya Kiarabu na ya Kiswahili, watu huja kuniazima. Kwa hili nimeyakosa.

Lakini ujue anayekuandikia kapita hapo hapo. Msiba wa binti yangu Wadha uliusikia kwa simu, hukunisikia mwenyewe. Basi nisikie. Ilikuwa Ijumaa, Disemba ya mwaka juzi. Tulikwenda na sufuria la wali kwenye wadi nje ya Qurayyat, bonde kavu, mawe na mchanga mtupu, mtoto anavuka na viatu vyake vya sikukuu. Mvua ilikuwa inanyesha huko milimani. Kwetu jua kali. Wadha akavuka ng'ambo kuokota mawe meupe. Mara maji yakashuka, yakhe, kama ukuta unaotembea! Mimi huyu, na kanzu yangu na kofia yangu, nikaruka. Unanijua mimi na maji: pwani ya Qantab nlikuwa naogelea mpaka jiwe la mbali na kurudi, wavuvi wamesimama wananipigia makofi, siku moja papa akanipisha njia. Nikapiga mbizi nikamkosa. Nikapiga tena nikamkosa. Mara ya tatu nikavishika vidole vyake. Vidole, Muhsina. Likaja gogo kama nguzo ya simu likanipiga hapa ubavuni, vikaniponyoka.

Nilijaribu. Mtu akijaribu, moyo wake una pa kuegemea. Ndiyo dawa nnayokupa, na madaktari hawanayo: egemea lile ulilojaribu.

Kheiria hapendi nikikihadithia kisa hiki. Hunyanyuka akenda jikoni. Wanawake, moyo wao mwepesi.

Mjomba wako,
Zahor

*

Kikwajuni, Unguja
2 Mei 1997

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, imefika masika yamekwisha kutuvujia chumba cha uani. Mama hajambo, presha inapanda na kushuka. Mahfoudh, mume wangu, yuko Dar kikazi. Alikuja kwa matanga akarudi. Hatugombani. Hatuzungumzi tu.

Umeniandikia niegemee nililojaribu. Nimetazama nyuma sikuliona.

Unajua kazi yangu. Mimi mkunga. Kila mama anayeingia namuuliza swali moja kabla hata ya jina lake: mtoto anacheza? Akinambia tangu jana hachezi, simwachi hata akae, nampeleka mbio kwa daktari. Wangu mimi aliacha kucheza Jumanne. Nikasema amelala. Tulikuwa wachache kazini, wanawake wamejaa mpaka sakafuni, kila mmoja anataka mkono wangu. Nikasema kesho. Jumatano nikazalisha mpaka jioni, na kila niliyempokea alilia. Alhamisi nikapanda kitandani nikamwambia mwenzangu anisikilize. Akaweka chombo tumboni, akasikiliza. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Kuhamisha kule mimi nakufahamu, nimewahamishia wengi.

Watu walinipa pole, wakasema kazi ya Mungu. Sikuwaambia kuhusu Jumanne. Wewe wa kwanza.

Wewe uliruka, Mjomba. Mimi nilisema kesho.

Sijarudi wodini. Nikisikia mtoto analia nyumba ya jirani naziba masikio.

Nisalimie Bi Kheiria. Mbona haandiki? Yeye ndiye aliyekuwa akituandikia kila Idi, wewe ukitia jina tu.

Mwanao,
Muhsina

*

Hamriya, Muscat
20 Julai 1997

Mwanangu Muhsina,

Sisi wazima, ingawa joto la mwaka huu si la kusimulia. Jana funguo za stoo zimeniunguza paja, nna alama kama chapa ya ng'ombe. Wizara wameniomba niwe nakwenda asubuhi tu, wanaogopa kunipoteza. Kheiria bado yuko Qurayyat, kakimbia joto. Anakusalimu.

Hayo ya Jumanne nimeyasoma nikaikunja karatasi. Usimwambie mtu mwengine. Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi.

Wacha nikupe la kukuchangamsha, uone mjomba wako anavyowatibu watu. Yuko mwenzetu hapa, Bakhit, watu wao walitoka Tabora, mtu wa miraba minne, ana duka la betri na matairi. Mwezi uliopita kamzika mwanawe Fahd, kijana wa kuanza kuota masharubu. Gari liliacha njia. Aliyekuwa ameshika usukani ni Bakhit mwenyewe.

Siku ya pili ya taazia naingia na birika. Kawaida ya huku uifahamu: mtu akishatosheka anaitikisa finjani yake, hivi, kulia na kushoto, ndipo mwenye birika anaipokea. Asipoitikisa, unamimina. Hapana kuuliza, kuuliza ni utovu wa adabu. Basi nikammiminia Bakhit, akanywa. Haitikisi. Nikamimina. Akanywa. Haitikisi. Kahawa ya moto, chungu, ya iliki, na yeye anaishusha kama maji, macho kayabandika ukutani. Waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kukohoa. Mzee mmoja akanong'ona, "Zahor, huyo kashalewa kahawa, mpite!"

Ukumbi mzima ule, watu na shahada zao, hapana aliyejua pale kuna nini. Nilijua mimi. Kwa sababu kwenye matanga ya Wadha nilikunywa vivyo hivyo. Finjani iko mkononi na mimi sipo. Na yule mwenye birika, masikini, anamimina tu kwa heshima zake. Wallahi, ningemwagiwa bahari ningekunywa.

Basi nikafanya nini? Nikapanda juu ya mto wa kukalia nikatoa hotuba! Kwa Kiarabu kile cha juu. Nikaitaja subira, nikaitaja kadari, nikamaliza na kisa changu cha Qurayyat, nilivyoruka. Watu walilia mpaka yule mkurugenzi akavua miwani. Bakhit akapona siku ile ile. Sasa yuko dukani kwake anauza matairi na kucheka.

Na wewe utapona hivyo hivyo. Mimi ndiye nnayekwambia.

Mjomba wako,
Zahor

*

Kikwajuni, Unguja
28 Septemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Paka wa uani kazaa ndani ya kabati la nguo za mtoto. Mama alitaka kumfukuza, nikamwambia mwache, nguo hazina mwenyewe.

Nimerudisha sare za kazi. Mkubwa wetu wa wodi alikataa kuzipokea, nikaziacha juu ya kiti.

Sikufichi, kwa kuwa uko mbali na huwezi kuja mbio. Mama kazichukua dawa zangu za usingizi kazificha ndani ya pipa la mchele. Anadhani sijui. Kila nikipita jikoni nalijua pipa lilipo hata nikifumba macho. Mpaka leo nimepita tu.

Kuna mwanamke nyumba ya nyuma, Manal, bado mdogo. Kazaa mtoto kafa. Hospitali kaambiwa Mungu atampa mwengine, nyumbani kaambiwa asilie atamuudhi mumewe. Juzi kaja kugonga mlango wetu, kaniulizia. Mama kamwambia, "Muhsina mgonjwa, mwanangu." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeyaona mpaka maziwa yaliyomrowesha kanga. Sikutoka. Ningemwambia nini? Mkunga ambaye wake mwenyewe hakumsikiliza?

Kisa chako cha wadi nimekisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Najua unaniandikia kunitia nguvu. Hakinitii, Mjomba. Kinanambia watu wako namna mbili, wanaoruka na wanaosema kesho, na mimi najua niko wapi. Tafadhali usinitajie tena.

Na kuhusu joto. Nilikaa kwenu miezi mitatu mwaka ule wa harusi ya Shurooq, jirani yenu. Qurayyat si mahali pa kukimbilia joto. Bi Kheiria yuko wapi?

Mwanao,
Muhsina

*

Hamriya, Muscat
15 Oktoba 1997

Muhsina,

Kwa haraka, maana wageni wakubwa wananingoja. Nakuletea halwa na vitambaa viwili, kwa mkono wa mke wa Ghanim, anakuja Unguja. Halwa uile wewe, usiwape watu.

Nilipiga simu duka la karibu na kwenu, wakamwita mama yako, kadi mbili za simu zikanimalizikia nikingoja. Nimesema naye. Lile pipa halina kitu tena, usilitafute. Kasirika ukitaka.

Kuhusu Qurayyat sina la kuongeza.

Kheiria hajambo. Joto limepungua.

Zahor

*

Kikwajuni, Unguja
6 Januari 1998

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Halwa tumefuturia. Vitambaa mama kaviweka.

Nilikasirika. Kisha nikawa sina nguvu ya kukasirika. Nakula uji, mama akisimama juu yangu.

Manal karudi. Mama alikuwa msikitini kwenye darsa, hapakuwa na wa kusema mimi mgonjwa. Nikafungua. Hakuingia, alikaa kizingitini, na mimi nikakaa ndani ya mlango, sakafuni. Akaniuliza, "Bi Muhsina, wewe unajua mambo haya. Yataniisha lini?" Nilikuwa na majibu ya kazini, tumefundishwa. Sikuyatoa. Nikamwambia, "Sijui. Yangu hayajaisha." Nikamwambia na ya Jumanne. Sijui kwa nini, labda nilitaka anitemee mate aondoke. Akanitazama, akasema, "Mimi wangu niliacha kumhisi Ijumaa. Nikafua nguo." Tukakaa mpaka adhana. Alipoondoka hatukuwa tumepona, asije mtu akakwambia tumepona. Lakini nilipoinuka niliona nina njaa.

Kwa hivyo sasa nataka kitu kwako. Nimekikataza kisa chako na bado kinanijia. Nakuona unaruka, unazama, unainuka. Nakuona vizuri kuliko ninavyomuona mtoto wangu. Lakini kuna kitu hukukiandika, na mtu aliyepita pale lazima akijue. Sitaki papa, sitaki gogo. Nambie kimoja tu, kidogo, cha kweli.

Ulipoingia, maji yalikuwa baridi?

Muhsina

*

Hamriya, Muscat
22 Februari 1998

Mwanangu Muhsina,

Barua hii kila nikiianza naianza na waziri. Leo waziri nakaa naye mbali.

Salamu nyingi kwako na kwa dada Masouda. Idi tulisali, nilikula peke yangu. Nimepika wali ukawa maji maji. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani, hapana nyengine.

Naanza na Bakhit, kwa sababu kwako bado sijafika.

Hotuba sikutoa. Sikupanda juu ya mto wala Kiarabu cha juu sikijui, nimekomea darasa la sita na la sita lenyewe nilirudia. Nilichofanya ni kuliweka birika chini. Huku hilo halifanywi, mwenye birika hakai. Nikakaa. Nikatia mkono wangu chini ya mkono wa Bakhit, ile finjani tukaishika wote wawili kama mtoto wa kuku. Waliobaki wakakosa kahawa, na hapana aliyekohoa tena. Baadaye mtu yule, mkubwa vile, akaniinamia begani na uzito wake wote. Mkono ukanifa ganzi. Kama ningeishia hapo, Muhsina, ningekuwa mara moja katika umri wangu nimefanya jambo la maana.

Sikuishia hapo. Kinywa hiki. Nikamwambia pole pole sikioni nilivyoruka kumfuata Wadha, na vidole, na gogo. Nikahisi bega lake linaondoka. Akakaa wima. Akanambia, "Basi wewe ni baba, Zahor. Mimi mwanangu alikuwa pembeni yangu ananihadithia mpira, na mimi nikasinzia." Akainuka akaingia ndani.

Hakutoka tena. Nilikuandikia anauza matairi na kucheka. Duka limefungwa tangu siku ile, vumbi limeziba hata jina. Mkewe kanambia halali chumbani, analala ndani ya lile gari, uani, lilivyobonyea. Ndiye niliyemtibu.

Iliponijia barua yako ya Septemba, ile ya namna mbili za watu, niliisikia sauti ya Bakhit ndani yake. Neno lile lile. Nikakutumia halwa.

Hii ya Januari nimeisoma nikiwa stoo, nimekaa juu ya maboksi ya karatasi. Nikaisoma tena nyumbani. Siku ya pili ya Idi nikachemsha kahawa, nikachukua birika langu nikenda kwa Bakhit. Nikamkuta uani, mlango wa gari uko wazi, kakaa kiti cha pembeni, kile cha Fahd. Hakunifukuza. Nikapita upande wa usukani nikakaa. Nikamimina akanywa, nikamimina akanywa, kama siku ile, haitikisi.

Nikamwambia, "Bakhit, sikuruka."

Akasema, "Hukuruka wapi?"

"Kwa Wadha. Nlikuwa ukingoni. Sikuruka."

Akaniangalia. Ana macho mekundu kama tungule, siku hizi. "Ulikuwa humuoni?"

"Nlikuwa namuona. Kapanda juu ya jiwe."

"Alikuwa kimya?"

"Alikuwa ananita."

Nikadhani atanipiga, na nlitaka anipige. Hakunipiga. Akasema, "Fahd hakuniita. Sikumpa nafasi." Akalia, nikalia, na ukituona ungetucheka, watu wazima wawili ndani ya gari lisilo na kioo. Mkewe akaja mpaka mlangoni akarudi. Kisha Bakhit akaitazama finjani kama ndiyo kwanza anaiona. Akaitikisa. Kidogo tu. Nikaipokea.

Sikwambii kapona. Duka bado limefungwa. Juzi nilipita, yumo kwenye gari vile vile. Lakini nikimpelekea kahawa anaitikisa finjani, na kuna siku anaitikisa mapema.

Sasa Kheiria. Hayuko Qurayyat kupumzika. Kaondoka nyumbani kwangu mwezi wa Machi uliofuata, miezi mitatu baada ya Wadha. Sikumpiga, sikumtukana. Tulipotoka kwenye wadi watu wakanizunguka, "Zahor, ilikuwaje?" na mimi nikasikia kinywa kinasema nimeruka. Kikasema mbele ya ndugu zake. Kikasema kwenye matanga, na kila siku kikaongeza, mara mbizi, mara gogo. Yeye alikuwa kasimama nyuma yangu siku ile. Alikuwa kanishika kanzu ananisukuma, "Zahor! Zahor! Mtoto!" Hakuna siku aliyonikanusha mbele ya watu. Alinyanyuka tu akenda jikoni. Siku aliyoondoka aliitoa ile kanzu sandukuni, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda upande wangu. Haikuwa na tone la tope, na ndala zangu za siku ile nazo kavu. Kila mwezi nakwenda mpaka Qurayyat nakaa nje ya nyumba ya dada yake. Dada mtu, Shariffa, ananitolea maji ya kunywa. Kheiria hatoki. Sidhani atatoka.

Watu wangenambia, ungeruka ungekufa, maji yale yalibeba hata magari. Huenda. Lakini Wadha hakuwa ananita nimuokoe, Muhsina. Alikuwa ananita tu. Mtoto akiita, anataka umwendee.

Basi ile dawa yangu ya kuegemea, itupe. Hapana pa kuegemea. Nimetafuta miaka miwili. Kama kweli kuna namna mbili za watu, mimi niko kwenu, kwako na kwa Bakhit na kwa yule msichana aliyefua nguo, na sikukwambia, nikakuacha ukae huko peke yako ukidhani mjomba wako yuko ng'ambo. Na pipa lile liko jikoni, hata kama dawa zimetolewa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko la wadi, maana la wadi limekwisha, na hili bado.

Manal akija, mfungulie. Ukishindwa usimfungulie, lakini mama yako asiseme mgonjwa, aseme yupo. Na unijibu, hata kama ni kunitukana. Au dada Masouda aniandikie neno moja tu, kwamba unakula.

Umeniuliza kama maji yalikuwa baridi. Sijui, mwanangu. Sikuyagusa.

Na kuna jengine dogo, ambalo hata Bakhit sikumwambia, naye anadhani ni hofu tu iliyonifunga miguu. Nliona haya kulitaja hata kwa Kheiria, tangu tulipooana, na siku ile alipokuwa ananisukuma hakujua anamsukuma nani. Wale wavuvi wa Qantab hawakunipigia makofi. Nlikuwa naingia mpaka magotini nikijifanya nimechoka, nikirudi nakaa mchangani nikijimwagia maji kichwani kwa kata, watu wadhani nimetoka mbali. Nimezaliwa kisiwani, Muhsina, baharini ni kutupa jiwe, nimekua na wenzangu wakipiga mbizi mchana kutwa.

Kuogelea sijui.

Zahor